Machakos: Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Machakos si mbali na Nairobi. Ukishika barabara ya Mombasa, ukapita mji wa Athi River na mbuga zake kavu, utafika njia panda ya Kyumvi. Hapo unapinda kushoto, na punde vilima vinaanza kujitokeza, Mua upande mmoja na Iveti mbele yako. Safari yote haizidi kilomita 70. Waingereza walikuwa na kituo chao cha utawala hapa kabla Nairobi haijawa mji. Reli ilipopita mbali, makao makuu nayo yakahamia penye reli.

Wasafiri wengi huipita Machakos wakielekea Kitui au Wote. Hununua maembe na vyondo kando ya barabara, kisha huendelea na safari. Sisi tulikwenda kukaa siku chache, kwa sababu tulikuwa na swali ambalo akina mama wa vikundi hutuuliza mara kwa mara: watu wakitaka kujisaidia kwa njia mpya, au wageni wakitaka kuwasaidia, watajuaje haja iliyo kubwa kuliko zote? Na watajuaje kwamba jawabu walilolichagua ndilo linalofaa mahali pale?

Tulichagua Machakos kwa sababu jibu linaonekana kwa macho. Hapa watu waliwahi kuamriwa bila kuulizwa. Baadaye wakaulizwa. Alama za nyakati zote mbili zingalipo juu ya ardhi.

Vilima vilivyokatiwa hukumu

Ukisimama leo juu ya vilima vya Iveti utaona matuta yamepangwa moja chini ya jingine kama ngazi. Kingo zake zimepandwa majani ya ng'ombe, na katikati kuna mahindi, maharage, mbaazi, miembe na mipapai. Ni vigumu kuamini kwamba mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika taarifa akisema nchi hii ilikuwa inageuka jangwa la mawe na mchanga, na watu wake wanaingia katika umaskini usio na matumaini.

Makorongo aliyoyaona Maher yalikuwa ya kweli, na mvua ilikuwa inachukua udongo wa mashamba kila mwaka. Lakini dawa ilichaguliwa ofisini. Ilisemwa kwamba ng'ombe wamezidi, basi wapunguzwe. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwalazimisha wenyeji kuuza ng'ombe wao kwa bei ya chini, wakati kiwanda kipya cha nyama kilipofunguliwa Athi River.

Hakuna aliyeketi na familia kuuliza ng'ombe ni nini kwao. Angeuliza, angeambiwa kwamba ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mahari, na tena ni akiba ya mwaka ambao mvua itakosa. Kumwondolea mtu ng'ombe katika nchi ya ukame ilikuwa kama kumfungulia kibubu chake na kumwaga fedha njiani.

Mwezi wa Julai 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza watu wa Ukambani kwa wingi mpaka Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Walikaa huko majuma kadhaa, wakikataa kurudi mikono mitupu. Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali ililazimika kuacha uuzaji ule wa lazima. Udongo ukaendelea kwenda na maji. Ugonjwa ulikuwepo, lakini mganga hakumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Fanya juu, fanya chini

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ilikuja na kazi ya matuta, nayo pia ikawa ya lazima. Maafisa walipenda tuta jembamba, ambalo udongo wake hutupwa upande wa chini wa mtaro. Kwa hesabu za ofisini lilikuwa zuri, maana lilichimbwa upesi na kupimika kwa maili nyingi. Lakini mvua kubwa ililibomoa, na mkulima hakupata faida aliyoweza kuiona shambani mwake.

Wakulima wenyewe walielekea kwenye namna nyingine. Mmoja wa walioonyesha njia alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani, ambaye alikuwa ameona matuta ya ngazi huko India. Katika namna hii unachimba mtaro ukifuata usawa wa kilima, na udongo unautupa juu. Kazi ni nzito zaidi. Lakini ukipanda majani juu ya ukingo ule, kila mvua inayonyesha husukuma udongo kidogo kidogo na kuulaza nyuma yake, mpaka baada ya miaka michache shamba lililokuwa mteremko linakuwa tambarare. Maji hukaa yakanywewa na ardhi. Mtaroni chini unaweza kupanda ndizi au mipapai.

Tuta hili huitwa fanya juu. Leo wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hulitaja kwa jina hilohilo la Kiswahili, bila kulitafsiri. Ni neno la shambani, nalo limeingia katika vitabu vya ulimwengu.

Ni nani aliyechimba? Wengi walikuwa akina mama. Wanaume walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara. Wanawake wakatumia desturi yao ya mwethya, yaani kusaidiana kazi kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya viliruhusiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, na matuta yakaongezeka. Baada ya uhuru amri ilikoma, lakini kuchimba hakukukoma, maana sasa kila mtu alijua faida yake.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya habari hizi. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na za mahali pale pale mwaka 1991. Iliyokuwa Wilaya ya Machakos ilikuwa na watu karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Idadi ilikaribia mara sita, lakini ardhi ilikuwa imehifadhiwa vizuri zaidi na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka.

Mbusyani, mwaka 1988

Kutoka mjini tulielekea kaskazini, upande wa Kangundo, ambako mikahawa na migomba imejificha mabondeni. Huku ndiko kuliko Mbusyani. Hakuna mnara wala kibao cha kumwambia mgeni kwamba jambo la maana lilitendeka hapa. Lakini mwaka 1988 maafisa wa Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira ya Kenya, wakisaidiana na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani, walifika Mbusyani kuuliza haja za watu kwa njia ambayo hapa Kenya ilikuwa ngeni. Baadaye njia hiyo ilikuja kuitwa uchunguzi shirikishi wa vijijini.

Ugeni wake ulikuwa nini? Kwa kawaida mchunguzi huja na karatasi ya maswali aliyoyatunga mjini, naye hujaza majibu, kisha huondoka nayo. Kwa njia ile, wenye kijiji ndio hushika kalamu. Huchora ramani yao, wakaonyesha mito, visima, mashamba, shule na njia. Wageni na wenyeji hukikata kijiji kwa miguu kutoka juu hadi chini, wakitazama udongo, miti na maji jinsi vinavyobadilika. Wazee husimulia historia ya mahali, mwaka wa njaa hii na mwaka wa mafuriko yale.

Kisha huja kalenda ya majira. Hapo ndipo mambo yaliyofichika hutokea. Wanakijiji hupanga miezi kumi na miwili na kuweka chini ya kila mwezi mvua, kazi, chakula, magonjwa na umbali wa maji. Kwa Ukambani, mvua ambayo wakulima huitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Basi tazama miezi ya Septemba na Oktoba. Visima vya karibu vimekauka, mama anakwenda mbali zaidi kuteka maji. Miezi hiyohiyo shamba linataka kutayarishwa kabla ya mvua. Ghala nalo linapungua. Mizigo mitatu inamwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Afisa aliyekuja mwezi wa Januari, baada ya mvua, hawezi kuliona jambo hilo kabisa.

Mwishoni matatizo yote huorodheshwa na kupangwa kwa uzito wake. Mbusyani haja ya maji ilitangulia. Hapo wataalamu wa maji na kilimo walisema yao: njia hii ina gharama gani, ile itadumu kwa muda gani, na nyingine itawezekana mahali gani. Mpango uliandikwa, ukaeleza nani atafanya nini. Mtaalamu alibaki na kazi yake, ila sasa aliifanya baada ya kusikiliza.

Wasioonekana kutoka barabarani

Mwingereza Robert Chambers, aliyefanya kazi Kenya kabla na baada ya uhuru, aliandika mwaka 1983 juu ya watu aliowaita watalii wa maendeleo. Ni wale wanaotoka mjini asubuhi kwa gari, wakapita penye lami, wakaonyeshwa mradi mmoja mzuri, wakazungumza na chifu na wanaume wachache, kisha wakarudi kabla ya jua kuzama. Huja kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua barabara hazipitiki. Huondoka wakidhani wameijua nchi.

Nani hakuonekana katika ziara ya namna hiyo? Ni mjane anayekaa bondeni, ambako gari halifiki. Ni mama aliyejifungua juzi, na mgonjwa aliye kitandani. Ni msichana ambaye saa ile yuko mtoni na punda wake, naye ndiye anayejua kuliko wote hali ya maji. Haja iliyo kubwa mara nyingi iko kwa mtu ambaye hana nafasi ya kuja mkutanoni kuieleza.

Ndiyo maana vikundi vingi viliona faida ya kuwauliza wanawake peke yao na wanaume peke yao, kisha kuyaleta majibu pamoja. Si kwa ajili ya kugombanisha nyumba. Ni kwa sababu baba akiulizwa juu ya maji atafikiria mifugo na shamba, na mama atafikiria mtungi wa jikoni na umbali wa njia. Wote wawili wanasema kweli, lakini ni kweli mbili.

Kola na mito ya mchanga

Siku iliyofuata tulishika barabara ya Wote, tukateremka kusini mpaka Kola. Huku nchi ni kavu zaidi. Mito yake mingi hutiririka wakati wa mvua tu, saa chache au siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Mgeni akisimama darajani husema, "Mto huu hauna maji."

Tulimsikia mama mmoja wa makamo akijibu maneno hayo kwa kucheka. Tulimwamkia "mwaitu", kama wanavyowaita mama zao huku, naye akatuonyesha kishimo alichokichimba mchangani kwa kibuyu. Ndani yake maji yalikuwa yakipanda polepole, safi kabisa. Akina mama wa Ukambani wamejua hivyo vizazi na vizazi. Mto unaoonekana umekufa una maji tumboni. Taabu ni kwamba kiangazi kikizidi, maji hushuka, na kishimo huwa kirefu mpaka mtu hulazimika kuingia ndani, na foleni ikawa ndefu tangu alfajiri.

Hapa Kola ndipo Joshua Mukusya na majirani zake walipoanzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978. Kazi waliyojulikana nayo ni mabwawa ya mchanga. Namna hii ya bwawa ilikuwa imejaribiwa Ukambani tangu wakati wa ukoloni, lakini vikundi vya wenyeji ndivyo vilivyoieneza.

Bwawa la mchanga si gumu kulieleza. Hutafutwa mahali penye mwamba chini ya mto, na juu ya mwamba hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukatisha mto. Mvua ikinyesha, maji huja na mchanga, na mchanga hujaa nyuma ya ukuta. Mtu asiyejua atadhani bwawa limeharibika, maana halina maji ya kuonekana. Kumbe kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo ule huweza kuwa maji, yamekaa katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawapati pa kutagia, na mchanga wenyewe huyachuja. Maji huchotwa kwa bomba lililopitishwa ukutani au kwa kisima kilichochimbwa kando.

Sasa, msomaji, utazame ukuta ule na kile kishimo cha mama mchangani, uone jinsi vinavyofanana. Ujuzi wa kuhifadhi maji ndani ya mchanga haukuletwa kutoka mbali. Kilichoongezwa ni mwamba, saruji na hesabu za fundi, ili maji yale yakae muda mrefu zaidi. Ndilo jambo kubwa tulilojifunza katika safari hii. Ukimwuliza mtu haja yake, usiishie kwenye haja. Mwulize pia amekuwa akiishije nayo mpaka leo. Katika jibu lake utapata nusu ya dawa.

Bwawa lina masharti yake. Likijengwa penye udongo laini badala ya mchanga, hujaa tope, na tope halitoi maji kama mchanga. Mashamba ya juu yasipokuwa na matuta, udongo wote huteremkia mtoni. Kwa hiyo kazi ya fanya juu na kazi ya bwawa ni kazi moja, na kikundi hukusanya mawe, mchanga na maji ya ujenzi kwa mikono yake. Watu hawabebi mawe mwezi mzima kwa ajili ya haja ambayo si yao. Jasho lao ni uthibitisho mkubwa kuliko kura ya mikono juu.

Ng'ambo ya mto Athi, katika Kitui, shirika la SASOL nalo limejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia tangu miaka ya 1990, likishirikiana na wanavijiji. Shabaha yake ilielezwa kwa maneno ambayo mama yeyote anaweza kuyapima kwa miguu yake, yaani kwamba maji yasiwe mbali na nyumba zaidi ya kilomita mbili.

Uchovu wa kuulizwa

Hatukuficha kwamba sisi nasi tulikuja na daftari. Mzee mmoja wa kike, mkwe wa nyumba tulikokula muthokoi, alitutazama akauliza, "Mmeandika mengi. Yatarudi lini?" Hakusema kwa hasira. Lakini swali lake ni zito. Vijiji vingi vya Afrika Mashariki vimeulizwa mara nyingi kuliko vilivyojibiwa. Watu hutoa saa zao, hueleza njaa yao na magonjwa yao, na karatasi huenda zake.

Mtu aliyechoka kuulizwa hujifunza kujibu kwa faida. Akiona gari lina picha ya kisima, atasema haja yake ni kisima. Likija la shule, atasema shule. Mgeni huondoka amefurahi kwamba alichokileta ndicho kinachotakiwa. Ndiyo sababu pampu nyingi zimesimama kimya mashambani. Ziliombwa kwa adabu, lakini hakuna aliyekuwa na vipuri wala fundi, wala aliyejiona kuwa ni mwenye pampu.

Kwa hiyo aliyeuliza ana deni. Aliyosikia ayarudishe, ayasome mbele ya wote, na wenyewe wapate nafasi ya kusema, "Hapa hukusikia vizuri."

Mkitaka kuanza kwenu

Huenda wewe na wenzako mna kikundi, na fedha mliyochanga haitoshi mambo yote. Haya yanawezekana bila mtaalamu na bila gharama.

Chagueni siku ambayo wengi wana nafasi, si siku ya soko. Choreni ramani ya kijiji chini kwa kijiti, na kila mmoja aonyeshe nyumba yake. Mtagundua nyumba ambazo hakuna aliyezitaja. Hizo ndizo za kutembelea kwanza. Tengenezeni kalenda ya miezi kumi na miwili kwa vijiwe au maharage, mkiweka mengi penye mwezi mgumu. Kisha kila mtu apewe punje tano, azigawe juu ya matatizo yaliyotajwa, kwa siri akitaka. Aliye na aibu ya kusema hana aibu ya kuweka punje.

Baada ya hapo ulizeni juu ya lile lililopata punje nyingi: sasa hivi watu wanafanyaje? Nani amejaribu njia yake, na imefika wapi? Mwiteni mtaalamu wakati huo, mkiwa mnajua mnalomwitia. Na msiache kuwaendea wasioweza kuja, maana haja ya kijiji haiko mkutanoni peke yake.

Tulipoondoka Kola jua lilikuwa linazama, na akina mama walikuwa wakirudi kutoka mtoni na punda wao. Mvua za Oktoba zilikuwa hazijafika. Maji yalikuwepo, ukutani pale, chini ya mchanga mkavu ambao gari letu lilivuka bila kulowa.